Nereida Pineda Anawaachia Wengine Iguana Mbili

Leo Jumamosi, tarehe 31 Mei, Nereida Pineda anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuendesha Iguana Mbili, ukumbi wa dansi ambao mwenye mali ndiye hushika ufagio wa kwanza.

Alizaliwa mvulana, akakua muxe, kama tuwaitavyo huku kwetu wazaliwao wavulana wakaishi kike, na mama yake, Bi Hermila, hakumwaga chozi. Alimfundisha kudarizi na kuuza kamba wakavu sokoni. Nereida alipotwaa taji la malkia wa muxe hapa mjini Juchitán, gauni alilidarizi mwenyewe, lakini viatu vya kuazima vilimbana hadi akavishwa taji akiwa pekupeku. Watu wa mji mkuu wakamwita kwa ahadi kubwa kubwa. Akakataa. Muxe ndiye hubaki na mama, alisema; yeye aende, kahawa ya mama achemshe nani? Akafungua ukumbi.

Mlevi mmoja aliwahi kumfokea, "We dume, lete bia." Akajibiwa, "Dume ni jogoo, kaka, naye huwika. Mimi hufukuza. Mlango ule pale." Mlevi yule leo ndiye bawabu wetu, na hachelewi kazini.

Jambo moja lilitushinda. Kila sherehe ya mwaka ya ukumbi, Nereida alimpelekea mama yake kadi, akamwekea kiti cha mbele chenye maua. Kila mwaka kiti kikabaki kitupu. Watu wakasema mzee anaona haya. Haya gani, na picha ya taji kaitundika juu ya kamba wake, mteja asiyeisifu hapimiwi vizuri? Nereida hakuuliza. Alikiondoa kiti, akaenda kucheka na wageni, na sisi wa jikoni tuliona macho yake.

Mwezi uliopita mpishi wake, ndiye mimi, nikachoka na fumbo hili. Nikamfuata mzee sokoni.

"Dada, kwa mwanao huji kwa nini?"

Hakuinua uso. "Mgeni ndiye hupewa kadi. Mama huitwa jikoni, siku moja kabla. Huyu ananialika kama mke wa meya."

Nereida alipoambiwa aliketi juu ya kreti ya bia, akajifunika uso kwa aproni. "Nilitaka apumzike," alisema. "Angalau siku moja asinuke kamba."

Jana, siku moja kabla ya sherehe hii ya kumuaga, akaenda mwenyewe. "Mama, njoo. Jikoni kumenishinda."

Bi Hermila akaja na kisu chake na sufuria yake. Akaonja mchuzi wangu, akauliza nani kamwaga mto humu ndani. Hadi jioni hakuna chungu kilichobaki mahali pake, na Nereida alikuwa anakatakata vitunguu kando yake, anagombezwa, anang'aa.

Nereida, asante kwa kutulisha na kutotuonea. Umesema unakwenda kupumzika, lakini mama yako keshakupangia meza sokoni kuanzia Jumatatu. Tunakutakia uzee mrefu, mwanangu, na mama wa kukuchosha kila siku yake.