Mama Rula na Sufuria Mbili

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo hatulii sana. Tunayemkumbuka hakuwapenda watu wenye nyuso za mwisho wa mwezi.

Ni mtafiti wa mboga, Mama Rula. Rula haikumtoka mkobani, hata siku ya harusi yake. Alitaka kujua mbolea inaligeuzaje jani. Akapanda mchicha matuta mawili nyuma ya nyumba. Tuta moja alilitilia mbolea yenye naitrojeni ya naitreti, la pili ya amonia. Naitrojeni ileile, umbo tofauti. Je, majani yatafanana?

Vipimo vilikuwa Jumatatu. Akikosa vipimo, anakosa kazi. Narudia: akikosa vipimo, anakosa kazi.

Jumapili akaja mgeni, mama mkwe wake. Mama Rula akakimbia dukani. Huku nyuma mumewe, bwana mwenye roho nzuri na kisu kikali, akavuna mchicha. Matuta yote mawili!

Mama Rula alirudi akakuta matuta yamenyolewa kipara.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Nimekusaidia, mke wangu."

"Umenisaidia kufukuzwa!"

Mbio hadi jikoni. Mama mkwe anachambua, mezani marundo mawili.

"Mbona mnahema kama mmeiba? Beseni la kwanza lilikuja na majani mapana, laini. La pili, madogo, manene, yamekolea kijani. Nikayatenga. Haya hayaivi pamoja, wanangu. Leteni sufuria mbili."

Kumbe kila rundo ni tuta lake! Mumewe alianza kuvuna tuta la naitreti: mapana ya naitreti, manene ya amonia. Mama Rula alimkumbatia mkwewe, akachomoa rula. Wakapima wote watatu, jani kwa jani.

"Mwanangu," mama mkwe alilalamika, "sentimita hazishibishi!"

Kazi ikapona. Mama Rula aliifanya hadi kustaafu. Na tangu siku ile, mboga nyumbani kwao hupikwa kwa sufuria mbili.

Juzi, baada ya mazishi, nilipita kumpa pole mumewe. Nikamkuta jikoni, sufuria mbili motoni.

"Mzee, zote hizi za nani?"

"Zangu. Naonja hii, naonja ile. Siku tukikutana ataniuliza tofauti, nitamjibu nini?"

Baba, pamoja na watoto na mama mkwe, poleni sana. Tumecheka nanyi, na tunalia nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkila mboga msimeze haraka. Tafuneni. Jiulizeni jani hilo nalo lilikula nini.