Scholastika na Kanda ya Ijumaa

Ndugu waombolezaji, baba paroko, wazee wetu wa Buguruni, majirani, nanyi wa Kariakoo mliofunga maduka saa za biashara mkaja kukaa nasi, familia inawaomba mtulie, kwa kuwa historia hii ina aya moja ambayo jana tuliombwa tuifute, nasi tutaisoma yote, kwa sauti, mbele ya jeneza la mwenyewe.

Scholastika alizaliwa tarehe 10 Februari 1957 huko Ndanda, wilaya ya Masasi, siku ya sikukuu ya mtakatifu aliyempa jina, akiwa mtoto wa tatu wa fundi seremala ambaye hakumruhusu mtoto yeyote, wa kike wala wa kiume, aguse msumeno kabla hajajua unarudishwa wapi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ndanda kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana mkoani Mtwara hadi 1975, na Januari 1977 akaja Dar es Salaam kutuma na kupokea teleksi katika ofisi ya umma, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na miwili bila kupoteza ujumbe wa mtu.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na Pius, mpiga chapa, ambaye leo amekaa hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto wawili, Ritha mwaka 1983 na Beno mwaka 1986.

Tarehe 1 Agosti 1989, milango ya biashara ilipokwisha kufunguliwa na kompyuta zikaanza kushushwa Kariakoo katika maboksi yaliyopangwa pamoja na vyerehani, aliajiriwa kutunza mitambo katika kampuni ya vipuri vya magari huko Mchafukoge, ambayo hatutaitaja jina, si kwa kuiogopa, bali kwa sababu msibani hatumtangazii mtu biashara. Kompyuta kumi na moja zilimtegemea, pamoja na ile kubwa iliyoziunganisha zote, ambayo wenyewe huiita seva, na vifaa vyake vyote vilienea katika mkoba mmoja: bisibisi isiyo na sumaku, brashi ya rangi ya kufagilia vumbi, diski ya kuwashia mashine iliyogoma, na kioo cha poda cha kuchungulia nyuma ya kompyuta bila kuisogeza. Watu walipomjia wakihema, “Mama Ritha, mashine imekufa,” aliwauliza kwanza, “Imekufa, au mmechomoa waya mkachemshia chai?”, na mara nyingi birika lilionekana.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa nakala. Kila Ijumaa tangu mwaka 1991 alinakili kumbukumbu zote za seva katika kanda mbili, moja akaifungia kabatini ofisini, ya pili akaja nayo hapa Buguruni, akaiweka katika kopo la maziwa ya unga lenye mchele mkavu ili unyevu usiifikie, mbali na redio, maana sumaku ya spika hufuta kanda. Wala hakuiita nakala mpaka airudishe mashineni na kufungua faili moja lililochaguliwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa Bi Hemlata wa Upanga, mtunza kumbukumbu za stoo, ambaye kila mara alitia saini katika daftari la kanda, siku ya kutoka na siku ya kurudi.

Sasa ndiyo aya yenyewe. Tarehe 5 Februari 1996 meneja mpya, Bwana Leodegar, alimwandikia barua kumkataza kutoa kanda nje ya ofisi, naye alijibu siku hiyo hiyo, kwa maandishi, kwamba nakala mbili zilizo chumba kimoja ni nakala moja, na kwamba ataendelea kuibeba hadi apewe mahali pengine salama. Hakupewa. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 15 Aprili, wafanyakazi walikuta tangi la juu ya dari limepasuka, seva imelowa, na kabati la kanda limejaa maji mpaka rafu ya pili. Scholastika alirudi nyumbani, akachukua kopo, akafunga kanda katika khanga, na kufikia Jumatano kumbukumbu zote za Ijumaa zilikuwa zimerejea katika mashine ya akiba. Alhamisi akapewa karatasi inayosema kwamba ameachishwa kazi kwa kuiba mali ya kampuni, akaambiwa atie saini. Akaandika chini yake, “Nimebeba, sijaiba,” akaweka jina lake na tarehe, akatoka na mkoba wake.

Jana Bwana Leodegar alikuja hapa na shada la maua, akaomba kwa upole tusome kwamba marehemu aliacha kazi kwa hiari, akisema, “Shemeji, mambo ya zamani haya, tusiyafukue,” naye Mzee Pius akamjibu, “Shada tumelipokea, mdogo wangu, sentensi hiyo rudi nayo.” Na Bi Hemlata, ambaye bado ni mwajiriwa wa kampuni hiyo, amekuja leo na daftari la kanda, lenye saini zake zote, ameliweka juu ya meza ile, na anayetaka kulisoma alisome mchana huu huu, mbele ya watu.

Kuanzia Juni 1996 alikuwa na meza yake ya kutengeneza kompyuta Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akiwafundisha mafundi bila kuwaficha kitu, kwamba ukibadilisha jambo katika mashine andika ulichobadilisha, saa, na jina lako, hata kama umekosea, hasa kama umekosea.

Mwezi Machi mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi mezani kwake, kisha akazidiwa, akafariki Jumanne tarehe 9 Novemba 1999, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha, mafundi wa Kariakoo waliochimba kaburi kwa mikono yao, na wafanyakazi wenzake, hususan yule mmoja aliyejua kuja kwake hapa kunaweza kumgharimu kazi, akaja.

Padre amekwisha kutuuliza tuandike nini msalabani chini ya jina, na watoto wake wamejibu, “Mtunza mitambo, mwaminifu.” Hatukuomba ruhusa ya mtu.

Mama Ritha, umeondoka na jina lako safi. Lala kwa amani.