Kumsindikiza Mwalimu Kavinya

Mchungaji wetu, wazee, walimu wenzake wa marehemu, majirani wa Baba Dogo na jamaa mliofika tangu jana kutoka Machakos, poleni, na asanteni kwa kuja. Familia imenituma mimi Nalianya, shemeji yake, niwasomee maisha ya marehemu kabla hatujaanza safari ya kumpeleka Kimilili, kwao mumewe, kumzika, na Mzee Nzivo, baba yake mzazi, ameagiza kwamba habari zake na bintiye zisomwe kama zilivyokuwa, bila kufunikafunika.

Mwalimu Kavinya Nzivo Kweyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, kifungua mimba wa Mzee Nzivo Mutua, mchongaji wa vinyago, na Mama Ndindi, aliyetutangulia mwaka wa 1986, akalelewa Majengo katika chumba ambamo, kama alivyopenda kusema mwenyewe, twiga wa mbao walikuwa wengi kuliko watoto. Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 1971, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1977, akaenda shule ya bweni Machakos hadi kidato cha sita mwaka wa 1983, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, akahitimu shahada ya fasihi na ualimu mwaka wa 1988.

Mwaka huohuo aliajiriwa kufundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule ya upili hapa Baba Dogo, akakutana na ndugu yangu Laban Kweyu, karani wa kiwanda cha rangi, wakafunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989, na tarehe 2 Juni 1991 Mungu akawajalia binti, Khalayi, ambaye ameketi hapa mbele yetu. Jioni, akishasahihisha kazi za wanafunzi, alikuwa akienda mjini kusoma Kijapani, na tulimcheka sana, mimi nikiwa wa kwanza, tukimwuliza, "Sasa hiyo Kijapani utaongea na nani hapa Baba Dogo?" naye alinijibu kwamba angeanza na mimi, maana hata Kiswahili changu kilihitaji mwalimu.

Mwaka wa 1993 alipata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili mjini Kyoto, Japani, katika lugha, fasihi na utamaduni wa Wajapani na Wachina. Laban alikubali kubaki na mtoto, jambo ambalo wengi walilisema vibaya, na tarehe 28 Machi tulifika uwanja wa ndege tukiwa watu wa kujaza basi la kanisa, lakini Mzee Nzivo hakuja, alibaki Majengo akichonga. Kavinya alisimama mlangoni akitazama nyuma mpaka akaitwa, akaondoka akiamini kwamba baba yake amemkasirikia, na uchungu huo akasafiri nao.

Huko Kyoto alijifunza maandishi ya kale ya nchi zote mbili, na alipotakiwa kuchagua mada ya utafiti, alichagua mashairi ya kuagana, yale ambayo Wachina wa zamani waliandika wakimsindikiza rafiki hadi darajani, wakamvunjia tawi la mti wa kando ya mto, wakampa mkononi ndipo avuke, na namna Wajapani walivyoyapokea mashairi hayo na kuandika ya kwao. Sisi hatukujua kwa nini alichagua hayo, lakini Laban alijua. Alihitimu uzamili mwezi Machi 1996, akaanza masomo ya uzamifu.

Mnamo Septemba 1997 figo zilianza kumsumbua, akarudi nyumbani Januari 1998 kabla hajamaliza, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Alipokosa nguvu za kusimama darasani, alianza kuyatia mashairi yale katika Kiswahili, na baba yake akawa anakuja kutoka Majengo kila Jumapili baada ya ibada, akichonga huku akisikiliza. Siku aliyosomewa shairi la tawi, Mzee aliweka tezo chini, akamweleza kwamba mwaka wa 1943, yeye akiwa mtoto, ukoo mzima ulimsindikiza kaka yake Mutisya kwa nyimbo hadi stesheni ya Konza, akienda Burma kupigana na Wajapani haohao, na hakurudi, wala kaburi lake halijulikani, ndipo Mzee akaapa kwamba mtu anayemtaka arudi hatamsindikiza kamwe. "Sikukukasirikia, mwanangu," alimwambia, "nilitaka urudi." Kavinya alilia, kisha akasema, "Na si nimerudi, Baba?"

Jumapili iliyofuata Mzee alimletea tawi la kuchonga, na Kavinya alicheka mpaka akashika mbavu, kwa kuwa majani yake yalikuwa ya mpera. Mzee alisema mti wa Wachina hajauona, mpera anaujua. Tawi lenyewe mnaliona hapo juu ya jeneza.

Marehemu alilazwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta tarehe 3 Februari 1999, akafariki Jumanne tarehe 16 Februari, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, Laban akiwa kando yake. Tulimpenda, na pengo lake hatujui tutalizibaje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliopika na kumlea Khalayi kama mtoto wao, walimu waliomshikia vipindi vyake, wenzake Laban wa kiwandani, profesa wake aliyetuma rambirambi kutoka Kyoto, na wachongaji wa Majengo waliotengeneza jeneza hili kwa mikono yao, wakakataa hata chai kabla halijakamilika.

Jana jioni wazee wa pande zote mbili walimsihi Mzee Nzivo abaki Nairobi, maana miguu yake ni mibovu na safari ya Kimilili ni ya kutwa nzima. Amekataa. Amesema aliyemtaka arudi hakumsindikiza, na huyu sasa harudi tena, basi hana sababu ya kubaki. Tumemwekea kiti cha mbele, karibu na dereva.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, baba yako anakusindikiza.