Mwitaji wa Gatini

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya bati nyuma ya ghala la pamba, mtaa wa chini, enzi hizo mtaa wa chini ukiwa bado upo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa seremala wa mitumbwi na mshona magunia. Sisi watatu tulimfuata, na wa mwisho ndimi ninayesoma wasifu huu.

Mto wetu wote mnaujua. Mtu aliye ng'ambo unauona mkono wake, lakini alichoshika hukioni. Siku moja baba alikuwa huko akipaka lami mtumbwi, na chakula kimeiva. Mama alimtuma binti yake wa miaka saba akaangalie kama baba anarudi. Mtoto hakuangalia. Alipanda juu ya jiwe la gatini, akaita. Baba alidondosha ndoo ya lami. Alipofika nyumbani alimuuliza mama, "Huyu mtoto ulimzaa au ulimwagiza kiwandani?"

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965. Hesabu alizijua, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mwalimu wa kwaya alimweka mstari wa nyuma, kisha akamsogeza hadi nje ya mlango, na bado wazazi walilalamika kwamba kwaya nzima ni mtu mmoja.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika ofisi ya pantoni kama karani wa tiketi. Pantoni ilikuwa moja tu, na nahodha wake alikuwa na kawaida ya kusinzia upande ambao abiria hawapo. Dada ndiye aliyekuwa akimwamsha. Simu ya mji ilikuwa posta, na siku nyingi ilikuwa haina uhai. Basi watu wakaanza kumletea ujumbe: mkunga anatakiwa ng'ambo, basi limeharibika, mtoto kasahau viatu vya shule. Alikuwa anapanda jiweni bila kuweka mikono mdomoni, maana alisema hiyo ni ya watu wasio na pumzi. Na hakushuka mpaka upande wa pili ujibu, "Tumesikia!" Mvua inyeshe, jua liwake, bila jibu hilo alisimama tu.

Alikuwa na masharti yake. Nilipoanza biashara ya vitunguu nilimwomba awatangazie wanunuzi wa ng'ambo kwamba nusu ya mzigo wa mshindani wangu umeoza.

"Umeoza?" akauliza.

"Bado, lakini utaoza."

"Basi ukishaoza njoo nikuitie."

Nikamwambia mimi ni damu yake. Akasema, "Ndiyo maana nakujibu kwa sauti ndogo."

Na msiba hakuuita kamwe. Mtu akifiwa, dada aliita jina la ukoo na maneno mawili tu: "Njooni nyumbani." Kisha alipanda pantoni mwenyewe kuwapokea, ili wasifike gatini wakakuta watu wanawakodolea macho.

Mwaka 1979 maji yalishuka kutoka juu mchana kweupe. Aliyaona yamebadilika rangi kabla hayajapanda. Aliita pande zote mbili, "Pandeni juu! Achaneni na vitu!" mpaka mtaa wa chini ukaondoka na maji, nyumba yetu ikiwemo. Mji ulipoteza maduka, mbuzi, na benchi zote za shule. Mtu hakupotea hata mmoja.

Ndoa yake wengi wenu mliishuhudia, kwa kuwa ilianzia hadharani. Fundi baiskeli wa ng'ambo, shemeji yangu huyu aliyekaa hapa mbele, ana sauti ya mtu anayeongea na kuku anayeatamia. Siku moja mwaka 1972 alishuka gati la kwao, akapaza sauti, kwa kile anachojua yeye ni kupaza.

"Sema tena!" dada akamwambia.

Akasema tena.

"Sisikii! Wewe mwenye baiskeli, sema tena!"

Wakati huo akina mama wa sokoni walikuwa wameshatua vikapu. Fundi alivua shati, akalifunga kwenye pampu ya baiskeli, akalipunga juu ya kichwa chake. Jibu la dada lilisikika mpaka ghalani: "Kama ni hilo, vaa shati uje uliseme hapa!" Alikuja na pantoni iliyofuata. Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba mwaka huohuo, wakajaliwa watoto watatu.

Daraja lilifunguliwa mwaka 1998. Pantoni ilivutwa ukingoni ikaota kutu, ghala likabaki na popo, na mabasi yakaanza kupita mjini kwetu bila kukanyaga breki. Mimi nilihamishia duka barabarani mwezi uleule. Yeye alibaki gatini akiwauzia sabuni wafuaji. Nilimwambia wateja wake wote wako juu. Akasema, "Najua. Nawasikia wakipita."

Mwishoni mwa mwaka 2015 sauti ilianza kukwaruza. Alisingizia vumbi. Hospitalini wakaona uvimbe kooni, na daktari akatuambia kwamba akitaka kuishi, ni lazima kisanduku cha sauti kitolewe chote. Mimi maisha yangu yote nimekula kwa kupunguziwa, nikamuuliza je, akikata nusu? Daktari alinitazama, akasema, "Mzee, hapa bei ni moja."

Dada alicheka, nasi tukasikia kicheko chenyewe kimeshachanika. Akasema, "Nitakuja wiki ijayo. Kuna mtu nataka kumwita kwanza."

Siku ya kuamkia upasuaji, Februari 2016, shemeji alipanda baiskeli, akavuka daraja, akashuka hadi gati la kwao lililokuwa limemezwa na majani. Dada alishikwa mkono na binti yake akapanda jiweni. Juu ya daraja watu walisimama, na dereva mmoja wa lori akazima injini bila kuambiwa na mtu. Dada aliita: "Mwenye baiskeli! Rudi, chai inapoa!"

Sauti ilikuwa ya msumeno, lakini ilivuka. Fundi alijibu, na kama kawaida yake hakuna aliyesikia. Basi mzee wa miaka sabini akavua shati, mbavu nje, akalipunga. Dada alisimama akimtazama mpaka mikono ya yule mzee ilipochoka. Akasema, "Amesikia," akashuka.

Tangu kesho yake alizungumza kwa kijiko na kikombe cha bati. Kugonga mara moja ni njoo. Mara mbili ilikuwa yangu mimi, nikianza kutia chumvi. Sitawapambia: kuna siku aligeukia ukuta na hakugonga chochote. Bei ilikuwa kubwa. Tulichopata ni miaka mitatu na ushee ya kumkuta amekaa mlangoni, na katika kununua kwangu kote sijapata kitu cha kufanana nacho.

Uvimbe ulirudi mapafuni mapema mwaka huu. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 2019, akiwa nyumbani kwake, mumewe alikuwa jikoni anapasha chai. Kijiko kiligonga kikombe mara moja. Mumewe alipofika, alikuwa ameshaondoka.

Nilimpigia simu binti yake aliyeolewa ng'ambo. Kabla sijamaliza salamu alisema, "Mjomba, kama ni hilo, liseme kama mama alivyokuwa akisema." Nikamwambia, "Njoo nyumbani."

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake watatu, na mji wenye kingo mbili ambao leo umekaa upande mmoja. Shemeji ameomba kaburi lielekee majini, na limeelekea.

Yeye tunamjua. Muda huu yuko juu ya jiwe lake anatusubiri, na hatashuka mpaka ajibiwe. Kwa hiyo nikikunja karatasi hii, tusimame wote, wa huku na wa ng'ambo, wenye sauti na fundi wetu asiye nayo, tumjibu ili ashuke akapumzike kwa amani:

Tumesikia.