Bwana Bakhit bin Aflah, Aliyelipima Kanisa la Marlingham

Tarehe 30 Aprili 1970, Bwana Bakhit bin Aflah anaweka chini penseli yake baada ya miaka thelathini na minne ya kuchora ramani: ishirini na minane Unguja, katika idara ya ujenzi ya serikali, na sita hapa Maskati. Miaka hiyo sita mimi, Ghanim, nimekaa meza ya pili kutoka yake, na wenzangu wamenikabidhi kazi ya kumwandikia.

Maghala, visima, zahanati, nyumba za wafanyakazi: ramani nyingi zilizotoka ofisini kwetu zina mkono wake. Hakupenda haraka. Alipima ukuta mara mbili, kisha akamtuma mwengine apime mara ya tatu. Namba zikitafautiana alirudi mwenyewe, hata kama ukuta uko Qurayyat na njia ni mawe siku nzima.

Mwaka 1951 idara ilimpeleka Uingereza kusoma. Mwalimu wake, Bwana Pelham, alimtaka kila mwanafunzi apime jengo la kale, na Bwana Bakhit akapewa kanisa la kijiji cha Marlingham. Alikwenda kwanza kumtaka ruhusa kasisi, akamweleza kuwa yeye ni Mwislamu. Kasisi akampa ufunguo.

Kanisa lile alituhadithia mara nyingi tukinywa kahawa. Ukumbi wake wa kati ulijengwa miaka mia nane nyuma, kwa nguzo nene na matao ya duara. Karne mbili baadaye wanakijiji waliongeza ubavu wa kaskazini, na matao ya huko yamechongoka juu. Kufika nusu ya kimo cha ukuta huo, mawe yaliyochongwa vizuri yanakoma ghafla, na juu yake yamepangwa mawe ya ovyo. Tauni ilipita, mafundi wakafa, na waliobaki wakamalizia kwa namna walivyoweza. Alama walizozichonga wale waliokufa zingalimo kwenye mawe ya chini. Bwana Bakhit alizinakili zote kumi na saba.

Tao kubwa lililobeba mnara, mbele ya madhabahu, alilichora limepinda kusini. Mwalimu akamkata alama, akidhani mkono umemponyoka. Bwana Bakhit hakubishana. Aliomba waende wote na timazi ya kupimia wima, na tao likaonekana limepinda inchi tatu. Alama akarudishiwa.

Januari 1964 yeye, mkewe Bi Muhsina na binti yao Rahila walitoka Unguja na kile walichoweza kubeba. Bi Muhsina aliuchukua mkebe mrefu wa bati uliokuwa juu ya kabati, akiamini ndani mna ramani ya nyumba yao ya mtaa wa Malindi, aliyoijenga marehemu mzee Aflah. Walipoufungua Maskati, wakakuta kanisa.

"Baba Rahila," alisema Bi Muhsina, "nyumba nimeiacha, nimechukua kanisa."

Bwana Bakhit alimwambia asijilaumu, kwani ramani ya nyumba haikuwapo. Hakuwahi kuichora. Nyumba anayolala mtu kila siku, haimjii kuipima.

Mwaka 1968 dhoruba iliuangusha mnara wa Marlingham, na tao likaenda nao. Wanakijiji wakagawanyika, wengine wakitaka kubomoa kilichobaki. Vipimo kamili havikuwapo ila vya yule mwanafunzi kutoka Unguja. Kasisi alimwandikia Bwana Pelham, naye anwani ya Maskati alikuwa nayo, kwa kuwa ndiye aliyempa Bwana Bakhit barua ya sifa alipoomba kazi hapa.

Nilikuwa kwao barua ya kuomba vipimo ilipofika. Bi Muhsina alisema bila ya kupaza sauti, "Na nyumba yetu sisi, nani anaiulizia vipimo?"

Bwana Bakhit aliikunja barua. "Hakuna," akasema. "Ndiyo maana nnajua wanavyoumia wao."

Hakuthubutu kuipa posta nakala ya pekee. Kwa wiki saba, kila alasiri baada ya kazi, aliinakili upya michoro yote kumi na miwili, jiwe kwa jiwe. Karatasi isijikunje, aliishika Bi Muhsina.

Mwaka jana ilikuja picha. Tao limesimama tena, limepinda inchi tatu kusini. Mafundi walitaka kulinyoosha, wanakijiji wakakataa.

Sote tulitaka kuitundika picha ile ofisini. Bwana Bakhit aliitazama, akaitia mfukoni, na wiki hiyo hiyo akaanza kuichora nyumba ya Malindi kwa kumbukumbu. Bi Muhsina humkaa ubavuni na kumsahihisha. Wameshaafikiana juu ya mlango, kisima na dirisha la jikoni. Ngazi ndiyo iliyowashinda: yeye anahesabu vidato kumi na vinne, mkewe kumi na vitano, na hoja ya mke ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipanda na ndoo. Wamewaandikia jamaa walioko Mombasa na Dubai, na majibu hayalingani. Mahali pa ngazi pameachwa peupe.

Bwana Bakhit, ofisi hii inakushukuru kwa kila mstari ulioukataa mpaka ukanyooka, na kwa ule mmoja uliokataa kuunyoosha. Alasiri zote sasa ni zako. Tunakuombea wewe na Bi Muhsina afya, nuru ya macho, na umri wa kutosha kuimaliza nyumba.