Ramu ya Siku ya Emőke

Kijiwe chao kilikuwa benchi la kijani mbele ya duka la keki la Mama Piroska, ng'ambo tu ya kituo cha mabasi cha Tarnafő. Kila asubuhi walikuwepo watatu, kahawa nyeusi mkononi, kofia zimeshushwa hadi kwenye nyusi. Wa kwanza ni Tihamér, dereva mstaafu, ambaye Hungaria nzima haijapata kumwona akikimbia, ndiyo maana wakamwita Breki. Wa pili ni Bódog, aliyeitwa Profesa kwa sababu hakumeza kidonge chochote kabla ya kusoma karatasi yake mwanzo hadi mwisho. Wa tatu ni Ármin, aliyelinda lango la kambi ya jeshi ujana wake wote bila kutoka nje ya lango hilo, lakini akiita kila mtu askari: huyo ni Kamanda. Asubuhi hiyo walikuwa na furaha, maana ilikuwa siku ya jina la Emőke, ambayo huko husherehekewa kama siku ya kuzaliwa; naye ni binti wa Breki, anayeendesha basi la kwenda hospitali ya mkoa. Mama Piroska alikuwa ametengeneza somlói, keki ya vipande vipande yenye jozi, krimu na chokoleti ya moto. Breki mwenyewe aliingia dukani, akachukua bakuli moja kati ya mengi yaliyopangwa kauntani, akamletea mwanawe aliyekuwa amesimama pale na sare yake ya buluu.

Emőke alikula kijiko cha kwanza akafumba macho. Cha pili akacheka. Cha tatu kilipoingia, akasimamisha taya.

— Mama Piroska! Hii ina ramu.

Mama Piroska akatoka mbio, mikono imejaa unga.

— Yako niliiweka pembeni, mwanangu! Ile ya maji ya machungwa! Nani kakupa hiyo?

Macho yote yakamgeukia Breki.

— Mabakuli yote yanafanana, alisema kwa sauti ndogo.

Nchini humo dereva haruhusiwi hata tone. Na kituoni hapo, kila dereva lazima apulize kipimo cha pombe kabla ya kupewa ufunguo. Taa ikiwaka nyekundu, mtu anakwenda nyumbani, na mara nyingi harudi tena.

— Tulieni, alisema Profesa. Ramu ikipikwa inakufa.

— Hii haikupikwa, alijibu Mama Piroska. Nimeimwagia baridi. Na sikuwa bahili.

— Basi kotimiri. Atafune kotimiri fungu zima. Majani yanafyonza pombe kama kitambaa.

— Kotimiri ya nini wewe! Kamanda alimkatiza. Unamfanya mtoto sungura? Sarafu ya shaba chini ya ulimi. Kambini walifanya hivyo wote.

— Wote waliokamatwa, bwana wee.

— Nani kakamatwa? Kulikuwa na askari mmoja, alikunywa ndoo ya pálinka, pombe kali ya plamu, akaweka sarafu, akapuliza. Kipimo kikaonyesha kwamba ni mjamzito.

— Acha zako, Kamanda!

— Niliona kwa macho haya!

Profesa hakutaka kushindwa.

— Azunguke kituo mara saba akiwa amevaa koti langu. Pombe itoke kwa jasho. Halafu apulize kwa pua. Pua haina uhusiano na tumbo, ina njia yake, inapita nyuma ya masikio.

— Nyuma ya masikio! Wewe umesomea wapi mwili, kwa fundi wa mabomba?

— Farasi wa shemeji yangu alikula plamu zilizochacha, akalala siku mbili. Alipomwagiwa maji ya baridi masikioni akaamka na akashinda mashindano!

— Kwa hiyo tummwagie Emőke maji masikioni?

— Mimi sijasema tummwagie. Nimesema farasi.

Siku nyingine Breki angecheka mpaka akohoe. Leo alikuwa anamtazama binti yake, ambaye alishafuta midomo na kuweka bakuli juu ya benchi taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akamshika mkono wa sare.

— Mwanangu, sikiliza. Kaa hapa kidogo. Sukutua maji, kunywa kahawa. Nenda dakika ya mwisho. Vijiko vitatu tu! Hakuna haja ya kumwambia mtu.

— Baba, leo ni siku ya wagonjwa wa figo.

— Najua.

— Bi Gizella hapandi basi langu kabla hajaniuliza nimelala vizuri. Kila mara. Leo akiniuliza, nimjibu nini?

Emőke akajinasua polepole, akavuka barabara. Hakukimbia wala hakujikokota. Wale watatu wakaacha kahawa zao na kumfuata, Mama Piroska nyuma yao na unga wake.

Kwenye dirisha la mkuu wa zamu alikuwepo Ödön, mwanamume mwembamba asiyejua mzaha. Alikuwa tayari amenyoosha kipimo.

— Bwana Ödön, kabla sijapuliza, alisema Emőke kwa sauti iliyosikika hadi kwenye foleni ya abiria. Nimekula keki yenye ramu. Vijiko vitatu, sasa hivi. Kwa bahati mbaya, lakini nimekula.

— Mungu wangu, Kamanda alinong'ona. Amejisalimisha bila hata risasi.

Ödön alimsogezea kipimo.

— Puliza.

Akapuliza. Taa ikawaka nyekundu, nyekundu kali, kama ya mlevi aliyetoka harusini. Breki akashika nguzo. Miaka yote aliyopuliza hapo hajawahi kuona nyekundu ya namna hiyo, na bakuli alikuwa amelileta yeye kwa mikono yake.

Ödön akautoa ufunguo wa basi kwenye ndoano, akautia mfukoni mwake.

— Sukutua maji. Ukae pale nikuone. Baada ya robo saa utapuliza tena. Ikiwa nyekundu, naita dereva wa akiba, na wewe utaandika maelezo.

— Na abiria?

— Watasubiri.

— Basi niwaambie mwenyewe.

Hapo ndipo Profesa alipomshika Breki begani, jambo ambalo halijawahi kutokea kijiweni. Emőke alisukutua, akatema bombani, kisha akasimama mbele ya foleni. Walikuwa wazee kwa vijana, nyuso za rangi ya karatasi, kila mmoja na mfuko wake wa blanketi na mkate.

— Jamani, tunachelewa, na sababu ni mimi. Nimekula keki yenye pombe. Kipimo kimenikataa. Nitapimwa tena, na kikinikataa tena ataletwa dereva mwingine. Nawaomba radhi.

Mzee mmoja akaguna kuhusu miadi yake na mashine ya kusafisha damu. Mwingine akatikisa kichwa. Bi Gizella, kibibi mwenye kofia ya sufu, akasogea kwenye benchi la abiria na kupiga mahali pa wazi kwa kiganja.

— Kaa hapa, binti. Umelala vizuri?

— Nimelala vizuri, bibi.

— Haya. Tusubiri.

Wakasubiri. Breki alikuwa akihesabu vigae vya sakafu, akipoteza hesabu na kuanza upya.

Ödön alipomwita, Emőke alinyoosha koti lake. Akapuliza kwa pumzi ndefu, mpaka mashavu yakabonyea. Kila mtu aliinama kwa mbele, hata dereva wa teksi aliyekuwa akipita.

Kijani.

— Tena, alisema Ödön.

Kijani.

Mama Piroska akapiga makofi, vumbi la unga likapanda kama moshi. Ödön akautoa ufunguo mfukoni.

— Mdomo wako ndio uliokuwa umelewa, alisema. Wewe hukulewa. Ila ungemaliza bakuli lote, tusingekuwa tunaongea hivi. Kisha, akitazama pembeni: Heri ya siku ya jina.

Basi liliondoka limechelewa, Bi Gizella kiti cha mbele.

Kijiweni, ndimi zilifunguka.

— Nilisema maji! alitamba Profesa.

— Ulisema farasi!

— Farasi alimwagiwa nini? Maji!

— Yule msichana, alisema Kamanda, ningempa lango la kambi na funguo zote. Ningelala usingizi.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mgeni, fundi wa mapaa aliyesubiri basi la kusini. Alikuwa amesikia yote. Akauliza, kwa upole tu:

— Samahani, wazee. Alipokwenda kusema dirishani, alikuwa anajua kwamba taa itageuka kijani?

Kamanda akachungulia kikombe chake, kilikuwa kitupu. Mama Piroska akasema birika limekwisha, atabandika lingine, lakini hakuondoka mlangoni. Wote walimtazama Breki, na Breki hakujua.

Mchana wenzake walikwenda kula, yeye akabaki. Basi liliporudi, alivuka barabara, akasimama mlangoni abiria wakishuka mmoja mmoja, wamechoka. Emőke akashuka wa mwisho.

— Asubuhi, mwanangu. Ulijua taa itageuka kijani?

— Nijulie wapi, baba? Nilidhani kazi imekwisha.

Breki akataka kumwomba msamaha wa bakuli, akataka kumsifu. Badala yake akamvua mkoba begani, akautia begani kwake, wakaenda nyumbani kwa mguu, yeye akijitahidi kulingana na hatua za binti yake.