Nani Atakaa na Luisa?

Kijiwe cha barazani kwa Ismail mwenye duka, pale Mbinga mjini, huwa hakifungwi. Shule zilifungwa, chekechea ya masista ikafungwa, vibanda vya mama ntilie vikafungwa, yote kwa amri ya Bwana Afya, maana kipindupindu kilikuwa kimewaka huko ziwani na watu walisema kinapanda mlima. Lakini benchi la Ismail lilikuwa palepale, limekaliwa na watu walewale, na Masoudi muuza kahawa palepale na birika lake juu ya mkaa. Ndio ule mwaka kahawa ya mashambani ilipoachiwa kila mwenye mzani aje anunue, mji ukajaa malori na makampuni yasiyojulikana baba wala mama. Asubuhi hiyo akatokea Kilian, waliyezoea kumwita Mizani kwa kuwa alikuwa mpima magunia kwenye ghala la kampuni moja hapo jirani. Mkono mmoja kamshika binti yake Luisa, wa miaka minne, kwapani kabana chupa ya maji. Hakuja kupiga soga, maskini. Kengele ya ghalani ilikuwa karibu kugongwa, na hakuwa na wa kumwachia mtoto.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, mwanangu, akaitikia Mzee Mansuetus. Huyu aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika, chama kikafa, jina likambakia: Ushirika. — Mbona leo na abiria?

— Chekechea si imefungwa, Mzee. Na yule msichana wetu wa kazi kaondoka jana kwao Kigonsera, hata kuaga hakuaga. Mama yake Luisa, Otilia, mnajua ni nesi, yuko Ngumbo huko ziwani, kambini, na wagonjwa wa kipindupindu.

Aliposema kambini, benchi likacheza. Mzee Mansuetus akakusanya pindo la koti lake. Muharami, muuza mitumba, akasogea kama aliyekalia kaa la moto. Ghafla nafasi ikawa tele, ila si ya Luisa.

— Mtoto akae pale kwenye jiwe, Masoudi akasema kwa upole wote. — Mkaa huu unarusha cheche.

Jiwe lenyewe lilikuwa nje ya baraza, juani. Kilian aliona. Aliona vizuri sana, na roho ikamuuma, lakini mwenye shida hachagui kiti. Akamkalisha binti yake jiweni, akampa chupa yake, kisha akarudi kukaa na wenziwe. Masoudi akachukua kikombe, akakichovya kwenye ndoo ya kusuuzia, akakikung'uta, akamimina kahawa. Kilian akainywa yote bila kuionja.

— Ndugu zangu, nimekuja na shida, akasema. — Namtafuta wa kukaa na Luisa. Mpaka jioni tu.

— Si umpeleke ghalani? akauliza Muharami. Kila alichokiona duniani Muharami alikiona kama biashara, kwa hiyo jina lake la kijiweni lilikuwa Soko Huria.

— Jana si nilimpeleka! Rundo la magunia likaporomoka, gunia la juu likatua pale alipokuwa amekaa dakika hiyohiyo. Mungu tu alimwinua. Meneja kaniambia akimwona tena ghalani, tutoke wote wawili, baba na mwana. Na kengele ikigongwa mimi sipo, mzani anashika mwingine. Watafuta kazi wako pale getini, wananiangalia kama mwewe anavyoangalia vifaranga.

— Hayo ndiyo makampuni yenu! Mzee Mansuetus akapiga goti lake. — Enzi za chama ungesema mtoto wangu anaumwa, unapewa ruhusa na nauli juu. Sasa kampuni inajua mtoto? Kampuni imezaa?

— Mzee, enzi za chama wakulima walilipwa lini? akadakia Soko Huria. — Acha hizo. Dawa ya shida hii ni soko. Tazama: wazazi wanaofanya kazi wamejaa, watoto wamejaa, shule zimefungwa. Hiyo ni bidhaa inakosa mnunuzi tu. Mimi nakodi banda, nakusanya watoto. Haba na haba hujaza kibaba!

— Utawaweka wapi wote? akauliza Masoudi.

— Kwani marobota ya mitumba yanakaaje? Nawapanga. Tena kwa madaraja, kama kahawa. Wanaolia sana daraja la tatu, wanaolala mchana daraja la kwanza. Wakiwa wengi nakodi lori, asubuhi linapita Mbuji linazoa, jioni linarudisha.

— Na aliyebaki bila kuchukuliwa?

— Tunanadisha, bwana! Mzazi atakayetaka mtoto mtulivu apande dau.

Kicheko kikapasuka. Kilian naye akacheka, kicheko cha kuomba, huku sikio moja liko ghalani. Luisa pale jiweni alikuwa anachora mchangani kwa kijiti. Kila baada ya muda anainua macho kumtafuta baba yake, akimpata anaendelea kuchora.

— Basi, Muharami, leo anza na huyu mmoja, akasema Kilian. — Banda lenyewe ni hilo la mitumba. Akae na wewe hapo mpaka nitoke.

Soko Huria akakohoa. Akaanza kuvuta nyuzi kwenye suruali yake.

— Unajua, Mizani, biashara haianzwi hivi hivi. Kuna leseni.

— Leseni ya kukaa na mtoto?

— Siku hizi kila kitu.

Mzee Mansuetus akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyepata nafasi ya kusema.

— Mmepotea, vijana. Sisi Wamatengo tulikuwa na sengu. Ukoo mzima mnakusanyika kwa babu, mnakula pamoja, watoto wote pale, wanafundishwa, wanakaripiwa, wanalishwa. Ulikuwa humsikii mtu akiuliza nani atakaa na mtoto. Mtoto anakaa na watu! Ngojeni, mimi nitamwandikia mkuu wa wilaya, arudishe sengu kwa amri. Kila kata sengu yake, na mwenyekiti, na katibu...

— Na muhuri, akamalizia Soko Huria.

— Na muhuri, ndiyo! Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kilian akamgeukia. Huyu mzee aliwahi kuwa rafiki wa baba yake, na nyumba yake ilikuwa na ua mpana na wajukuu wa kucheza na Luisa.

— Mzee, baba yangu mdogo, sengu ianze leo. Mama yupo pale nyumbani kwako. Luisa hana usumbufu, chakula nimemfungia, maji yake nimechemsha mwenyewe.

Mzee akatazama kikombe chake, akakigeuza, akakinyoosha kwa Masoudi. Masoudi akakichovya ndooni, akakijaza.

— Sengu, mwanangu, ilikuwa ya ukoo, akasema taratibu. — Na mama yenu mgongo unamsumbua.

Hapo ndipo yule wa mwisho benchini, Tadei, akajisogeza. Tadei ndiye Redio Mbao, habari humfikia kabla hazijatokea.

— Mnazunguka tu, mwambieni ukweli. Mizani, kaka yangu, unajua kipindupindu kinasafirije?

— Kwa maji na kinyesi. Otilia kanieleza mara ngapi.

— Hiyo ya serikali! Mimi nina habari kutoka huko huko pwani ya ziwa. Kinaganda kwenye kofia ya nesi. Kinalala humo, kimya. Nesi akija nyumbani akimbusu mwanawe, kimeshahama. Halafu kinakaa kwa mtoto wiki, mwezi, mtoto haumwi hata mafua, kinangoja mtu mzima. Wanasema kuna kijiji mtoto wa nesi alipita tu njiani, kuku wakaharisha.

— Kuku?

— Kuku! Wahenga hawakukosea: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Sasa Kilian akaelewa. Alfajiri alikuwa amegonga kwa jirani yao Scholastica, aliyekuwa akila na Otilia sahani moja, na Scholastica akajibu kutoka ndani, bila kufungua, kuwa ana wageni. Hapakuwa na mgeni yeyote. Msichana wa kazi naye hakuikimbia kazi. Walikuwa wanamkimbia huyu mtoto mdogo wa kanga ya maua, aliyekaa pale akichora mbuzi mwenye miguu sita. Alitaka kumshika Tadei shingo. Lakini ukimshika shingo mtu asubuhi, huwezi kumwachia mtoto saa hiyo hiyo.

— Mama yake hajarudi tangu aende, akasema. — Hajamshika. Ndio maana nahangaika hivi, hamwoni?

— Sisi hatukatai, Mizani, akasema Tadei. — Tunachukua tahadhari tu. Kinga ni bora kuliko tiba.

Luisa akasimama, akaja mpaka kwenye birika, pua inamchuruzika jasho kidogo kwa jua.

— Na mimi nataka.

Masoudi akamtazama mtoto, akawatazama wateja wake. Huyu Masoudi hakuwa mtu mbaya. Kahawa alirithi kwa babu yake aliyetoka Kilwa, na hajawahi kumnyima mtu hata asiye na kitu.

— Vikombe tunachangia, mama, akasema kwa aibu. — Kesho nitakuletea chako peke yako. Sawa?

— Rudi kwenye jiwe, mwanangu, akasema Kilian haraka. — Kunywa maji yako.

Luisa akarudi. Hakulia, na afadhali angelia. Kilian, ili asionekane kanuna, akanyoosha kikombe chake tena, nacho kikachovywa ndooni kama vya wenzake, akanywa.

Lori lililotoka ziwani likasimama mbele ya duka, likatema vumbi na abiria mmoja. Alikuwa Bi Rukaiya, mke wa Ismail mwenye duka. Alikuwa amekwenda Ngumbo kumuuguza dada yake, na kijiwe kilishamzika kwa maneno mara kadhaa. Buibui limejaa vumbi, macho mekundu, lakini mzima.

— Karibu, Bi Rukaiya! akapaza Masoudi, ulimi ukikimbilia maneno ya kila siku. — Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Starehe. Shikamoo, Mzee Mansuetus.

— Marahaba, mwanangu, akaitikia Mzee, bila kutoa mkono.

— Dada amepona, akasema Bi Rukaiya. — Kamponya nesi mmoja, hajui kulala yule mama. Nesi Otilia. Mumewe si huyu hapa? Na yule... Akamwona Luisa. — Masikini, mtoto wake! Macho yaleyale. Mbona mmemweka juani?

Benchi zima likaanza kuangalia barabarani. Redio Mbao akaishiwa betri.

— Cheche za mkaa, akanong'ona Masoudi.

Bi Rukaiya akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa. Akatazama nafasi iliyo tele benchini, akatazama jiwe, akatazama vikombe mikononi, mwishowe ndoo. Maji ya ndooni yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

— Kule kambini, akasema, kila anayeletwa, hata kama amebebwa kwa machela, Nesi Otilia humuuliza swali moja kabla ya jina. Hata mimi nimeshalizoea. Maji haya mmechota wapi?

— Kahawa imechemka, Bi Rukaiya! akaruka Tadei. — Kidudu gani kitaishi kwenye moto ule?

— Sijauliza kahawa. Nauliza haya mnayosuuzia vikombe.

Masoudi akaitazama ndoo. Bomba la mtaani lilikuwa halitoi tangu juzi, hilo walilijua wote.

— Nililetewa, akasema.

— Na nani?

— Na... yule wa baiskeli.

— Yupi?

— Si yule aliyepita. Simjui jina.

— Akayachota wapi?

Mkaa ukalia chini ya birika. Mzee Mansuetus akakitua kikombe chake chini polepole, kwa mikono miwili. Soko Huria akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akautazama mkono. Tadei, ambaye hajawahi kukosa habari ya kijiji chochote ziwa zima, hakujua ndoo iliyo mbele ya magoti yake imetoka wapi.

Ghalani chuma cha kengele kikagongwa. Ngaa, ngaa, ngaa.

— Nipeni mtoto, akasema Bi Rukaiya. — Nitakaa naye mpaka mama yake arudi. Hapa kwenu naona ndiye peke yake ambaye hajanywa.

Akavua viatu vyake vya safari, akaomba ndani sabuni na maji yaliyochemka, akanawa mpaka viwiko kama alivyofundishwa, ndipo akaenda kwenye jiwe. Luisa akampa mkono bila kuuliza, akaokota na kijiti chake. Masoudi alikuwa ameinua ndoo lakini hajui aimwage wapi.

Kilian alikuwa tayari amepiga hatua mbili kuelekea ghalani. Mzigo wa asubuhi nzima ulikuwa umeshuka mabegani, angalau huo mmoja. Ndipo Luisa akachomoka, akamkimbilia mikono juu, kama afanyavyo kila siku baba akienda kazini, abebwe kidogo kisha ashushwe.

Kilian akarudi nyuma. Akaificha mikono yake mgongoni.

— Ishia hapo hapo, mwanangu, akasema. — Usinishike.

Luisa akasimama, mikono yake bado iko juu. Chuma kikagongwa mara ya pili, Kilian akageuka akakimbia, na njia nzima mpaka kwenye mzani alikuwa anasikiliza tumbo lake.